Kalamu ya Kubonyeza na Sauti ya Baba

Jumatatu, 3 Julai 1995

Baridi kali. Ukungu haukuondoka mashambani mpaka saa nne. Baba ameniita. Sauti yake imebaki nusu, na hiyo nusu inatoka vipande vipande: maneno manne, kimya, maneno matatu, kimya. Ni koo. Daktari wa misheni alimwambia dada yangu Edina kwamba sauti itaondoka kabisa, pengine hata wiki mbili hazitafika. Baba hajui kusoma wala kuandika. Sauti ikiondoka, imeondoka na kila kitu.

Alisema mambo mawili. La kwanza, maneno ya ukoo yaandikwe: nani alime wapi, mikahawa ipi ni ya nani, na baada yake sengu, baraza letu la ukoo, ikae kwa nani. Yasomwe Jumapili baada ya misa, ukoo wote ukikaa kula pamoja nyumbani kwake. La pili, ana jambo lake na mimi. Niende kesho asubuhi nikae naye.

Nimeelewa mara moja. Hilo la pili ni kunikabidhi ukuu wa sengu. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimekuwa karani wa chama cha ushirika miaka kumi na mmoja, mpaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na sisi makarani tukaambiwa tukapumzike. Nani mwingine?

Edina alinipa biki pale pale. Akasema niandike sasa hivi, wakati baba bado anaweza. Biki! Wosia wa Mzee Nicholaus kwa kalamu ya kuandikia orodha ya sabuni! Nilimrudishia. Nilimweleza kwa upole kwamba maneno mazito yanataka wino.

(Shajara hii naiandika kwa biki. Lakini shajara ni siri.)

Jumanne, 4 Julai

Sikwenda kwa baba. Nilikwenda Mbinga mjini kuchagua kalamu. Tangu mambo yawe ruksa maduka yamejaa kila kitu. Zamani tulipanga foleni kwa kalamu moja, leo nimeonyeshwa aina tisa na muuzaji akanuna nilipoomba kuzijaribu zote.

Nimerudi na kalamu ya wino ya Kichina, ya kofia. Nikamkalisha mke wangu Flavia kwenye kigoda, nikamwomba aseme kama baba: maneno manne, kimya, maneno matatu, kimya. Alikubali huku akichambua kahawa.

Matokeo ni mabaya. Kofia ikiwa wazi, wino unakauka kwenye ncha baba akiwa bado anavuta pumzi. Kofia ikifungwa, kuifungua kunataka mikono miwili, na maneno matatu yameshapita. Nilipoteza shamba zima la bondeni. Ni mikahawa mia mbili!

Flavia akasema, Baba Celestina, kwa muda huu ungekuwa umeshaandika yote na kurudi. Hana elimu ya vifaa. Nilimsamehe.

Jumatano, 5 Julai

Siku kubwa! Katekista Bernadi amenieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Ipo kalamu ya wino kamili, ncha ya chuma kama zote, lakini haina kofia. Unabonyeza kwa kidole gumba, ncha inatoka. Unabonyeza tena, inaingia, na kilango kidogo kinajifunga isikauke. Padri mmoja mgeni alikuwa nayo. Na Bernadi amesikia kwamba Cuthbert wa Mbamba Bay anayo moja dukani.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Baba anasema, nabonyeza. Baba ananyamaza, nabonyeza. Mkono mmoja tu! Na baada ya Jumapili itakuwa kalamu yangu ya kila siku: barua, mihtasari ya sengu, hata hii shajara.

Ubaya ni Cuthbert. Darasani alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, miaka saba mfululizo. Hajawahi kulitaja. Ndiyo dharau yenyewe.

Edina alipita jioni. Amesema baba ameniulizia jana, ameniulizia na leo, na sauti imeshuka. Nikamwambia amjulishe kwamba niko kwenye maandalizi. Alikuwa ameshika daftari la hesabu la bintiye na penseli iliyotafunwa. Nikauliza ni za nini. Akasema baba akitamka yeye anaandika, yasipotee. Penseli! Nilimhurumia sana. Nikamwambia asijichoshe, nitayaandika upya yote kwa wino.

Alhamisi, 6 Julai, Mbamba Bay

Nimeshuka ziwani na lori la mahindi. Joto. Huku chini watu wanatembea vifua wazi wakati sisi juu tunalala na makoti.

Cuthbert alinipokea kwa heshima zote, jambo lililonikera. Akaitoa kalamu kwenye kitambaa. Nyeusi, nzito kama ufunguo wa kanisa, na kitufe cha dhahabu. Nikabonyeza. Ncha ikatoka taratibu kama mtu anayechungulia. Nikabonyeza, ikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka wateja wengine wakaomba kuhudumiwa.

Wino wake unakaa kwenye kichupa chembamba cha plastiki kinachopachikwa ndani, na Cuthbert alikuwa na kimoja tu. Kinatosha wosia.

Kasoro moja. Kibanio kimewekwa upande wa ncha. Ukiibana mfukoni, ncha inaangalia juu na kitufe cha dhahabu kinazama ndani kisionekane na mtu. Cuthbert akasema ni makusudi, ili wino usishuke, na akanisihi nisiigeuze, hasa wakati wa kupanda mlima. Nikamtazama. Bado anataka kuwa wa kwanza darasani.

Tumebadilishana kwa redio yangu. Flavia hajui bado.

Ijumaa, 7 Julai, Mbamba Bay

Saba Saba! Nilisahau. Hakuna gari. Dereva wa lori amevaa shati jipya na anacheza ngoma tangu asubuhi.

Nimetumia siku kufanya mazoezi. Nimeandika "Ignatio, Mkuu wa Sengu" mara arobaini. Inapendeza, ila herufi I bado inalala.

Mchana nilinunua usipa wakavu wa baba, vidagaa vya ziwa hili. Anawapenda kuliko nyama. Nikakaa kando ya maji. Nilipokuwa na miaka minane tulishuka naye huku kwa miguu, siku mbili, kufuata samaki. Njia nzima alinitajia jina la kila kijito. Sauti yake ilikuwa kubwa. Watu wa ng'ambo ya bonde walimwitikia wakidhani anawaita wao. Nilitamani kuwa naye saa ile ile.

Nikabonyeza kalamu kidogo, nikatulia.

Jumamosi, 8 Julai

Naandika kwa mkono wa bluu.

Asubuhi nilivaa shati jeupe, lile la Jumapili, ili niingie kwa baba nikiwa kamili. Kalamu niliigeuza. Kitufe juu, ncha chini, nikaifunga kwa uzi kwenye tundu la kifungo isicheze. Ndani ya gari watu watatu waliitazama. Mmoja aliuliza ni ya nini. Nikambonyezea.

Tulipanda. Kona baada ya kona, ziwa likawa dogo, baridi ikarudi. Nikahisi ubichi kifuani. Nikadhani ni jasho la furaha. Mama Tadea, mchuuzi wa samaki aliyeketi mbele yangu, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa huruma, baba, unavuja.

Wino wote! Umeshuka mfukoni, tumboni, mpaka kiunoni. Nikiwa na kidato changu cha nne nikaelewa papo hapo: hewa iliyofungiwa kule chini ziwani imetanuka huku juu ikausukuma wino nje. Somo hilo nilipata alama nzuri. Cuthbert alipata nzuri zaidi.

Nikajipa moyo. Wino wa masista wa misheni utafaa, nitauvuta kwa bomba la sindano niujaze kichupa. Nikaenda moja kwa moja kwa baba. Edina alikuwa mlangoni. Hakucheka shati. Akasema sauti imeondoka jana saa sita mchana.

Niliingia. Shikamoo, baba. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi. Niliweka usipa kando ya kitanda. Sikujua mikono yangu niiweke wapi, maana kila nilichogusa kilibaki na alama.

Jumapili, 9 Julai

Ukoo ulikaa baada ya misa. Ugali, maharage, usipa wangu. Baba amewekwa kwenye kiti, blanketi mabegani. Mimi nimevaa koti limefungwa mpaka shingoni.

Edina akasoma lile daftari la hesabu. Penseli inasomeka, nakiri. Yote yamo. Shamba la bondeni, mashimo ya ngolo ya kulimia kule mlimani, mikahawa ya mama mkubwa Aurelia isiguswe akiwa hai. Hakuna aliyenung'unika. Kisha akasoma kwamba sengu ikae kwa Ignatio, ndiye mkubwa, ana haraka ya mambo lakini hana roho mbaya.

Mimi! Nimepewa! Bila tone la wino wangu! Wazee wakaitikia, wakanishika mkono. Nilitaka kusimama niseme neno.

Edina hakuwa amemaliza. Akafunua ukurasa wa mwisho. Baba alisema jambo lake na Ignatio lisiandikwe. Alisema si la karatasi wala la ukoo. Alisema atamwambia mwenyewe, akija. Chini yake Edina ameandika: Jumanne kamsubiri. Jumatano kamsubiri. Alhamisi kamsubiri. Ijumaa asubuhi kaniomba nimgeuzie kiti kitazame barabarani.

Nilimtazama baba, naye alikuwa ananitazama. Kwa hiyo hakunihitaji na kalamu yoyote. Alinitaka mimi na masikio yangu. Nililia mbele ya ukoo wote, mkuu wa sengu wa dakika tatu. Bernadi alinipa leso, nikairudisha ya bluu.

Jumatatu, 10 Julai

Nimeamka na mpango.

Baba hana sauti, lakini kichwa anacho, na masikio anayo. Nitaandika orodha ya mambo yote ambayo baba anaweza kutaka kumwambia mtoto wake wa kwanza. Yote, bila kuruka. Nitamsomea moja moja, naye atatikisa kichwa kwa lile lenyewe. Nimeshafikiria thelathini na saba. Kwamba ananisamehe ndama wa mwaka sabini na tisa. Kwamba nimsamehe yeye kwa ile fimbo. Kwamba mama alisema kitu alipokuwa anakufa. Kwamba ananipenda. Hilo nimeliweka la mwisho, maana si kawaida yake.

Nilimweleza Flavia. Akasema basi nenda sasa hivi, umwulize kwa mdomo, unataka orodha ya nini? Akaongeza kwamba baba hajala kitu tangu jana. Nilimweleza kwamba jambo zito kama hili haliendi ovyo ovyo. Lazima liandikwe, na si kwa biki. Wino wa masista umegoma kutoka, ni mzito. Cuthbert alisema meli ya Jumatano inaleta vichupa halisi. Nikishuka leo nitakuwapo meli ikifika, na Alhamisi nimerudi. Siku tatu tu! Ncha itakaa juu njia nzima.

Nilipita kumuaga. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, amegeuzwa barabarani. Nikachuchumaa, nikamweleza mpango wote, kwa kirefu. Alitikisa kichwa sana, kushoto na kulia. Nikamwambia asianze kujibu mapema, orodha haijakamilika.

Akanishika mkono. Sikujua kwamba bado ana nguvu kiasi kile. Nikamwambia basi baba, nisubiri, narudi Alhamisi. Hakuachia. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani, na dereva huyu hasubiri mtu. Ikabidi nimfungue vidole, kimoja kimoja, taratibu, kwa heshima.