Kandili Ishirini na Nne

Jumatatu, 5 Februari 1996

Funga ya kumi na tano. Kichwa kinauma. Na nyaya zimefika! Bwana Benard, mhandisi wetu, ametangaza kwamba kufikia Ijumaa uwanja wetu mdogo wa ndege utakuwa na taa za umeme mwanzo hadi mwisho. Alitangaza kwa furaha utadhani mwezi wa Idi umeandama. Miaka kumi na tisa nimewasha kandili za uwanja ule kwa mkono wangu, ishirini na nne, kumi na mbili kila upande. Nani ameshukuru? Hakuna.

Nafasi ya msimamizi wa taa mpya ni moja. Tunaigombea mimi na Kyalo, fundi wa umeme aliyekuja juzi tu na mkoba wake wa bisibisi. Atakayekosa atapangiwa kazi nyingine. Niliuliza kazi gani. Bwana Benard akaanza kupekua karatasi zake.

Jumanne, 6 Februari

Tumeagizwa kurudisha stoo mafuta ya taa yaliyobaki. Nimerudisha jerikani moja. Ya pili nimeifunga nyuma ya baiskeli, nikavuka nayo daraja la Makupa hadi nyumbani, mtaani Kibokoni, nikaificha uani. Si wizi. Ni akiba.

Mpango ni huu. Ijumaa magharibi mkaguzi anakuja kwa ndege, atue kwa taa mpya. Umeme utakatika (nitahakikisha). Atatuaje sasa? Kwa kandili zangu! Hapo watajua nani wa kuaminiwa. Mapenzi, mke wangu, ameniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni njaa.

Jumatano, 7 Februari

Kyalo kutwa nzima juu ya ngazi. Nikamtakia mabaya. Kisha nikakumbuka nimefunga. Nikatubu.

Alhamisi, 8 Februari

Siku mbaya. Kyalo ameniomba nimweleze jinsi upepo unavyogeuka pale uwanjani. Nikamwambia akamuulize Mungu. Hakukasirika. Akaniletea kiti nikae kivulini. Mtu wa namna hii unamchukiaje kwa raha?

Jioni wakajaribu taa. Swichi moja tu, uwanja mzima ukawaka: nyeupe pande zote mbili, kijani mwanzoni, nyekundu mwishoni. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: zilipendeza. Nilitaka kulia. Kazi yangu ya nusu saa na kiberiti, yeye kaifanya kwa kidole. Wakinitoa pale sijui nitakuwa nani. Hilo linaniogopesha kuliko njaa.

Jumamosi, 10 Februari

Jana sikuweza kushika kalamu.

Alasiri niliirudisha jerikani uwanjani. Mafua yameniziba pua tangu juzi. Nikajaza kandili zote mbio mbio kabla ya watu kuniona, nikaingia chumba cha swichi, nikachomoa fyuzi kubwa na kuitia mfukoni mwa kanzu. Adhana ikasikika kwa mbali. Ndege ikatokea. Bwana Benard akabonyeza. Giza! Nikajitokeza na kiberiti changu. Kandili ya kwanza ikatoa cheche, ikafa. Ya pili vilevile. Kwenye ya tano nikachovya kidole, nikaonja. Maji! Hivyo ndivyo nilivyofuturu.

Mapenzi amenieleza leo, bila haya. Jirani aliishiwa mafuta ya jiko na futari haijaiva, na mwezi huu jirani hanyimwi. Wa pili akasikia, akaja na chupa. Wa tatu akaja na sufuria. Jerikani ikabaki tupu, na siku hiyo mfereji ukatoa maji baada ya siku nne za ukavu.

"Jerikani tupu, Baba Shukri, na maji yanatoka," akaniambia. "Ningeiacha?"

Hakuna mtu Kibokoni ambaye angeiacha. Hata mimi.

Ndege ilizunguka mara mbili. Kyalo akapata fyuzi ya akiba, taa zikawaka, ndege ikatua salama. Mkaguzi akashuka, akampa Kyalo mkono. Nikaona bado naweza kuokoa jambo kwa ukarimu wa Kimvita. Nikatia mkono mfukoni, nikamnyooshea mgeni tende mbele ya wote. Kiganjani zilikuwa tende tatu, na fyuzi katikati.

"Mzee Taib," Bwana Benard akasema polepole, "na hiyo nayo ni tende?"

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Jumatatu, 12 Februari

Kazi nyingine ni Kibarani, langoni mwa jaa la taka. Nafungua lango, lori linaingia. Nafunga. Nzi wamekwisha kunizoea. Uwanjani marubani walikuwa wakinipungia mkono. Hapa dereva hata kioo hashushi.

Mapenzi amenisihi ninyamaze tu, imebaki miaka miwili nistaafu. Nimekubali. Nimeapa, na funga yangu mdomoni.

Ila kuna kibanda kimoja chenye kivuli, na ndani yake anakaa Bi Auma, msimamizi wa lango, juu ya kiti chenye mto. Madereva wote wanamsalimu yeye. Nimechunguza: saa saba huenda kula, na ufunguo wa lango huuacha mezani. Sisi tuliofunga hatuendi kula.

Kesho saa saba ufunguo utapotea. Saa nane nitaupata mimi, mbele ya malori yote.