Mlinzi Hodari wa Geti la Mfalme

Redio ya Mama Kahawa haijawahi kutuletea habari ya maana, na siku hiyo pia haikuleta. Msomaji alitoka kwenye bei ya mafuta akaingia kwa wataalamu. Eti wamewachunguza watu wanaocheza gemu za kwenye simu, wakagundua kwamba mtu akijitengenezea mhusika humo ndani, hata akimpa misuli na mabawa, mwishowe anamtia roho yake mwenyewe. Mwoga atatengeneza jitu la kutisha, nalo litakimbia paka.

Mimi nashona viatu hapo kijiweni na gemu sizijui, kwa hiyo nikasema wataalamu wamekosa kazi za kufanya. Wenzangu wakaanza kutazamana kwa kuibia. Nikajua pameguswa.

Wa kwanza kuumbuliwa alikuwa kinyozi wetu, tunayemwita Upara kwa sababu inayoonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Sindano, fundi cherehani, ndiye aliyemchoma. Alisema mhusika wa Upara ana nywele mpaka kiunoni, na vita vikianza, wenzake wakichomoa mapanga, yeye anauliza mto uko wapi akazioshe. Upara hakukubali kufa peke yake. Akasema Sindano alipewa upanga, farasi na ramani ya kwenda kuliua joka linalomaliza kijiji, lakini hata nusu ya njia hajafika. Kafungua duka la kushona suruali. Na hata humo ndani anawaambia wateja waje kesho.

"Kitambaa kilichelewa," Sindano akajitetea.

"Kitambaa cha kwenye gemu, ndugu yangu? Kilichelewa kutoka wapi?"

Tulicheka mpaka Mama Kahawa akaweka birika chini asije akajiunguza.

Kicheko kilikatika tulipomwona Tajiri anakuja. Huyu ndiye mwenye stoo ya magodoro inayotazamana na kijiwe chetu, ile yenye geti jipya la chuma la rangi ya buluu. Nikisema mwenye stoo namsitiri tu. Stoo ni ya mkewe, magodoro ni ya mkewe, na rangi ya geti alichagua mkewe. Yeye tunamwita Tajiri ili naye apate kitu chake.

Mlinzi wa stoo hiyo, Komandoo, alikuwa amekaa nasi kwenye ncha ya benchi, simu mkononi. Kwa haki alitakiwa awe kwenye kibanda chake pale getini, ila husema kibanda kina joto, na jicho la mlinzi linafika popote.

Tajiri akasalimia, akakaa, akapokea kahawa, kisha akasema bila kuzunguka. "Komandoo, mama watoto ameniambia leo niamue. Anasikia unasinzia kazini. Nikijiridhisha kwamba ni kweli, kesho usije."

Mke wa Komandoo ana mimba ya kujifungua wakati wowote. Mama mkwe ameshahamia na mabegi yake, na mama mkwe huyo alimkataa tangu siku ya posa, akisema binti yake anaolewa na mtu asiye na kazi. Kijiwe kizima kinaijua habari hiyo. Basi tukaanza kumtetea kama mawakili, kila mmoja na uongo wake. Mimi niliapa kwamba sijawahi kumwona akipiga hata mwayo, na Mungu anisamehe.

Upara akaona bora aitumie ile redio. Akamweleza Tajiri habari ya wataalamu, halafu akamwambia, "Sasa tazama gemu ya huyu bwana. Humo mtu unaweza kuwa mfalme, ukawa mchawi, ukawa haramia mwenye meli yako. Komandoo kachagua kuwa nani? Mlinzi wa geti. Nani duniani anapumzika kwa kulinda geti, kama si mtu aliyezaliwa nalo?"

Tajiri akaomba simu aone. Kweli, palikuwa na ngome, palikuwa na geti, na mbele yake mtu mwenye mkuki amesimama wima, kifua kimejaa medali. Komandoo akaeleza kwa aibu kidogo kwamba mfalme amempa cheo cha Mlinzi Hodari. Hajasinzia hata mara moja. Mizigo ya punda anaikagua yote, na aliwahi kumrudisha waziri mkuu nyumbani kwa sababu alikuja bila kitambulisho.

Uso wa Tajiri ukalegea. "Kama roho yake ndiyo hii," akasema, "basi mama watoto amedanganywa."

Nilifurahi jamani. Nilishamwona Komandoo akiingia kwake jioni kifua mbele, mama mkwe akimkaribisha kiti. Lakini Sindano ana ugonjwa wa kupima, hawezi kuona kitu akakiacha bila kukizungushia futi. Akauliza, kwa nia njema kabisa, zamu za huko kwa mfalme ni za saa ngapi.

"Asubuhi mpaka jioni," akajibu Komandoo, ambaye kwa bahati mbaya ni mtu mkweli. "Zinalingana na za hapa."

Upara akamkanyaga Sindano mguu. Mimi nikainamia kiatu nilichokuwa nacho, nikakishona mahali ambapo hapajachanika. Tajiri akaweka kikombe chini taratibu.

"Na saa zote hizo," akauliza, "geti langu lilikuwa na nani?"

Tajiri akafungua mdomo atoe hukumu, na hapo hapo simu ikapiga tarumbeta. Maadui wamefika kwenye geti la mfalme.

Komandoo akanyoosha mkono, akaurudisha. Simu bado ilikuwa kwa Tajiri. "Samahani, bosi. Ukiiacha hivyo wataingia."

"Waingie."

"Ndani kuna watu."

Tajiri akatupa jicho. Juu ya ukuta alisimama mama mmoja amebeba mtoto, anatazama chini. Tajiri akatazama pembeni, akamtazama tena yule mama, kisha akauliza kitufe cha mkuki ni kipi.

Siwezi kueleza kilichofuata vizuri, maana sizijui gemu, lakini nakiri kwamba nilisimama. Sote tulisimama nyuma ya Tajiri tukaziba jua kwa vichwa. Upara aliongeza sauti mpaka mwisho, mapanga yakawa yanagongana kama yako sokoni. Komandoo alielekeza, Tajiri alibonyeza. Mtu ambaye nyumbani kwake haulizwi hata chakula kipikwe nini alikuwa akiamuru jeshi, nalo likimtii.

Katikati ya vita ikaja pikapu na watu wawili wa ovaroli, wenye spana na adabu zao. Wakaomba radhi, wakauliza kama tunaweza kusogeza benchi ili gari lirudi nyuma. Tajiri hakuinua macho. "Piteni, piteni, ila msituzibie mwanga." Tukasogeza benchi. Mama Kahawa akasogeza birika. Baadaye kidogo mmoja wao akaja kuomba mtu wa kumpiga tafu, kuna kitu kizito, na Sindano akaenda akashika upande mmoja huku shingo imebaki kwetu, akiuliza kama ngazi za maadui zimeshaanguka.

Zilianguka. Geti la mfalme halikutikisika. Tajiri alikuwa ameloa jasho, akamkumbatia Komandoo mbele ya watu.

"Kazi ni yako," akamwambia. "Nitakwenda kumwambia mama watoto kwamba wewe na geti ni damu moja. Naapa kwa lile geti pale."

Akanyoosha kidole kulionyesha. Kidole kikabaki hewani.

Ng'ambo ya barabara zilikuwepo nguzo mbili. Katikati yake tuliyaona magodoro, yamepangwa vizuri, mpaka ukuta wa nyuma. Kumbe stoo ile ni kubwa hivyo.

Komandoo akavuka mbio, akaingia, akazunguka, akarudi kutoa ripoti amesimama wima. "Bosi, hakuna godoro hata moja lililoguswa."

Mama Kahawa akamgeukia Sindano, akamuuliza kile kitu kizito alichosaidia kupakia kilikuwa kitu gani. Sindano akasema anachokumbuka ni kwamba kilikuwa cha buluu.

Simu ya Tajiri ikaanza kuita. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Ikaita mpaka ikakata, ikaanza upya. Tajiri akamtazama Komandoo, na nilimwona anapiga hesabu: akimfukuza huyu, itabidi aeleze geti limeondokaje, na ni nani aliyesema piteni. Akaizima simu yake. Akasogea kwenye benchi mpaka mabega yakagusana na ya mlinzi wake, akamrudishia simu ya gemu kwa mikono miwili.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "huko kwa mfalme, mlinzi anapewa na pa kulala?"