Lalamiko la Fundi Kamusi Dhidi ya Mwalimu Anayengoja

Duka la Kushona,
Mkabala na geti la shule.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: MWANAFUNZI WAKO ANAYENIHARIBIA JINA KWA WEMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wakufunzi wako wote. Mimi mwili wangu hauna neno. Linaloumwa ni jina langu, na aliyelitia ugonjwa ni binti mliyemleta katika shule yetu wiki sita zilizopita, kujifunza kazi kwa kuwafundisha Kiingereza watoto wa darasa la tano.

Nijitambulishe, ujue unasemeshwa na nani. Mimi ni fundi cherehani. Dirisha la duka langu linatazamana na dirisha la darasa hilo, hivyo ninayoyasema nimeyaona mwenyewe nikiwa na mkasi mkononi. Kwa miaka ishirini na miwili mtaa mzima umeniita Kamusi, kwa sababu ya kamusi nene ya Kiingereza iliyoko mezani kwangu. Haipiti siku sijaitumia, kwani hakuna kitu kinachogandamiza kitambaa cha kuteleza vizuri kama ile. Mtu akipata barua, fomu au karatasi yoyote ya Kiingereza, huja kwangu. Navaa miwani, naitazama karatasi, naguna mara mbili, kisha namwambia ilivyosema. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Sasa sikia yaliyonipata.

1. Karatasi ya mlangoni. Siku ya kwanza tu, binti huyu alibandika mlangoni karatasi aliyoiita falsafa yake. Nilivuka barabara nikaisoma, maana aliiandika kwa Kiswahili, na hilo peke yake ni kosa. Mwalimu wa Kiingereza anayeeleweka na kila mpita njia, ualimu wake uko wapi? Imeandikwa hivi: "Kila mtoto anaingia humu na lugha yake. Kazi yangu ni kumwongezea ya pili, si kumpokonya ya kwanza. Humu hachekwi mtu." Ndugu Mkuu, mimi nilisomeshwa kwa kuchekwa. Nilichekwa darasa la tano, la sita na la saba, na matunda yake ndiyo haya: mpaka leo sithubutu kutamka neno la Kiingereza mbele ya watu, na heshima yangu yote imejengwa juu ya ukimya huo.

2. Kibao. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa na kibao cha mbao. Mtoto akiteleza akasema lugha ya kwao, anavikwa shingoni. Darasa lilikuwa kimya, nami nilishona pindo za sketi bila kukosea. Binti huyu amekichukua kibao akakiweka chini ya mguu wa meza yake, eti ilikuwa inayumba. Siku hizi watoto wanashauriana kwanza wawili wawili kwa lugha waliyoizoea, wakikubaliana maana ndipo wanaisema kwa Kiingereza. Kelele za watoto walioelewa jambo ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa huna pa kuanzia kuzikemea.

3. Tumbo la mjukuu wangu. Hapa naandika kwa uchungu. Nina mjukuu wa kike katika darasa hilo. Zamani tumbo lilikuwa likimkata kila Jumanne na Alhamisi, siku za Kiingereza, nami kwa huruma namweka dukani ananipangia vifungo kwa rangi. Tangu aje huyu mwalimu, tumbo limepona bila hata kikombe cha dawa. Vifungo vyangu vimechanganyika, na mtoto akirudi anasema kuanzia mlangoni hadi sahani inapoondolewa. Bibi yake ananiambia, "Mwache aseme, alikuwa amejibana siku nyingi." Mimi nauliza, huyu binti anatibu watu kwa kibali cha nani?

4. Kungoja. Akishamwuliza mtoto swali, huyu mwalimu hafanyi kitu. Anasimama, mikono nyuma, anahesabu hadi kumi. Najua anahesabu kwa sababu anagonga vidole polepole mgongoni, na mgongo wake ndio ulio upande wangu. Juzi nilikata mkono wa shati ukawa mfupi kwa sababu nilikuwa nangoja naye. Mwenye shati nimemwambia ndio mtindo.

5. Friji. Wiki iliyopita aliwaagiza watoto kila mmoja alete karatasi ya Kiingereza kutoka nyumbani kwao, waisome pamoja. Mtu mwenye nia njema angewapa kitabu cha paka na mpira, wakaridhika. Binti wa mama muuza maziwa, jirani yangu ukuta kwa ukuta, akaleta kijitabu cha friji.

Lazima nieleze. Miaka miwili nyuma, mama huyo aliponunua friji, alinijia na kijitabu hicho nikiwa nimezama katika sare za shule. Nikavaa miwani, nikaguna mara mbili, nikamwambia chombo hiki kinataka kupumzishwa siku moja kila wiki. Niliona ni ushauri wenye busara, kwani kiumbe gani hahitaji kupumzika? Tangu hapo kila Jumamosi mama yule amekuwa akizima friji, anabeba ndoo za maziwa hadi kwa shemeji yake mtaa wa tatu, na kesho yake anazirudisha. Na friji halijawahi kuharibika, jambo ambalo hakuna anayenipongeza.

Darasa la tano wakakisoma kijitabu mstari kwa mstari. Wakashauriana, wakangojwa, wakasoma tena. Mapumziko ya friji hawakuyaona popote. Mama muuza maziwa akaja dukani, mikono kiunoni, akasema mbele ya wateja watatu: "Kamusi, miaka miwili friji linapumzika, mimi nabeba ndoo." Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi, lakini akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Angekasirika ningejitetea.

6. Mwaliko. Hili ndilo baya kuliko yote. Binti huyu hakuja kunisuta. Alikuja kunialika darasani, kwa madai kwamba kila mzazi ana jambo la kuwafundisha watoto. Mimi niwaonyeshe kupima mkono wa shati, nao wataje vipimo kwa Kiingereza. Nilikwenda na tepu yangu shingoni. Mtoto wa kwanza nilimpima vizuri. Ndipo mjukuu wangu akainuka na, kwa sauti ambayo sikujua anayo, akaniuliza swali kwa Kiingereza.

Watoto arobaini wakanitazama. Nikatafuta miwani, kumbe nimeiacha dukani. Nikaguna mara mbili, haikusaidia. Basi nikangoja wacheke, maana kicheko nakijua, nimekula nacho sahani moja. Mtu akichekwa anakasirika, anatoka, mambo yanakwisha. Hawakucheka. Wakaanza kugonga vidole kwenye madawati, polepole, wakinihesabia kama wanavyohesabiwa wao. Walipofika kumi wakaanza upya. Mjukuu wangu akalirudia swali, huku mikono yake inaigiza cherehani, nikaelewa ananiuliza nimeshona kwa miaka mingapi.

Ndugu Mkuu, nina miaka sitini na mitatu, na hakuna mtu aliyewahi kuningoja. Machozi yalinitoka mbele ya darasa la tano. Kisha nikajibu. Nadhani nilikosea, kwa sababu mwalimu alilirudia jibu langu taratibu kwa namna iliyo tofauti kidogo, bila kuniambia kwamba nimekosea, tukaendelea na mkono wa pili wa shati.

Sasa pima mwenyewe hatari hii. Leo wamesoma kijitabu cha friji. Kesho kila nyumba itajisomea barua zake. Keshokutwa watataka kujua barua za miaka ishirini na miwili zilisema nini hasa, na mimi nitakuwa nani? Jana mteja aliniita Fundi, basi, bila Kamusi.

Kwa hiyo naomba binti huyu aondolewe, apelekwe shule isiyo na madirisha. Kibao kirudi shingoni, na meza iyumbe kama zamani. Na mjukuu wangu arudishiwe tumbo lake, Jumanne na Alhamisi tu, sina tamaa.

Nisalimie wakufunzi wote, wapishi wa chuo, mlinzi wa getini, na yeyote atakayekusomea barua hii ukiwa huna miwani.

Ni mimi niliyeumizwa kwa kutendewa vyema,

Fundi Kamusi (kwa sasa).

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa pasi. Karani wa shule, aliyekuja kuchukua suruali yake, ameniambia mawili. Kwanza, mafunzo ya binti huyu yanakwisha Ijumaa, ataondoka hata nisipodai. Pili, mwanachuo akilalamikiwa hurudia muhula mzima katika shule ile ile. Kusikia hilo la pili nilifurahi sana, maana angebaki, nikaona barua yangu imefanya kazi nzuri. Lakini mjukuu wangu, aliyekuwa akipanga vifungo kwa hiari yake, akasema, "Babu, basi atachelewa kuwa mwalimu."

Tafadhali futa la kwanza hadi la sita. Mpitishe binti wa watu, kisha umlete hapa akiwa mwalimu kamili. Kwa kuwa kamusi nimeanza kuifungua, vitambaa sasa nagandamiza kwa kile kibao, alichonipa mwalimu baada ya kupata kipande cha tofali cha kuweka chini ya meza. Na ukipata nafasi ya kumpigia simu, mwambie, maana mwenyewe naona haya, kwamba Ijumaa ni zamu yangu kusoma ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha friji mbele ya darasa, na kwamba kuhesabu hadi kumi huenda kusitoshe.