Buti Linalofunguka Lenyewe

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Wiki ya pili na gari jipya. Kijiji kizima cha Kola kimelitazama. Hata Kitonga, kaka ya mke wangu, amepita mara tatu na pikapu yake kuukuu, akijifanya anatafuta ng'ombe. Leo aliuliza swichi ya redio iko wapi. Nikamwambia magari ya kisasa hayana swichi, kila kitu kiko kwenye skrini. Akasema basi niiwashe. Sikuiwasha. Skrini ni ya Kijapani, na nikigusa mahali pa redio, kiti kinapata moto. Jana nilikaa nikingoja taarifa ya habari hadi suruali ikanuka pasi.

Sasa jambo kubwa. Jumamosi tunapeleka mbuzi wa ntheo Masii, kwao Mwongeli, mchumba wa mwanangu. Mbuzi watatu. Rodgers amengoja siku hii miaka minne. Bila mbuzi hao, kwa Wakamba hakuna mke hapo, hata wakizaa timu ya mpira. Wazee wanataka mbuzi wabebwe na pikapu ya Kitonga. Mimi ndiye baba wa kijana! Watapanda gari langu. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepima buti. Mbuzi wawili, wakipendana. Wa tatu atakaa kiti cha nyuma kama mgeni.

Buti halina kishikio. Mtu anapitisha mguu chini ya bampa, linafunguka lenyewe. Nimepitisha mguu mara kumi na moja. Likanyamaza. Kuku wa Kanini akapita mara moja, likafunguka! Kanini, mke wangu, akasema afadhali niajiri kuku. Nikampuuza. Nikajaribu kuuzima mtambo huo kwenye skrini. Waipa zikaanza kufuta, na Kola haijaona mvua tangu Mei.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Kitonga wazee wameamua pikapu ibebe soda na mablanketi. Akauliza mbuzi je. Nikasema wamepata usafiri wao. Alinitazama kwa muda mrefu. Wivu.

Mazoezi ya mwisho. Beberu alipokaa kiti cha nyuma, gari likaanza kulia kwamba abiria hajafunga mkanda. Nikamfunga. Likanyamaza. Beberu pia akanyamaza, lakini kwa chuki.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike yote kabla sijalala.

Mzee Nzioka, babake Mwongeli, alishatuonya: mbuzi waingie kabla ya saa sita, jua likiwa linapanda. Jua likianza kushuka, turudi nao Kola, tuje mwaka ujao. Tulifika saa tano na nusu. Safi! Akina mama wakafunga lango kwa leso, wakaimba, wakadai chao. Nikateremka kwa madaha, koti nimeliacha kitini, ufunguo ndani ya koti.

Kuku wa Masii akapita chini ya bampa. Buti likafunguka. Mbuzi wawili wakashika njia ya sokoni. Nikawakimbilia. Kuku akarudi alikotoka, buti likajifunga. Kisha milango ikajifunga, na vishikio vikazama ndani ya bati kama kichwa cha kobe. Beberu yumo ndani, na mkanda.

Kitonga akageuza pikapu, akawafuata wale wawili. Sisi tukabaki tukisugua milango kwa viganja. Beberu akanyoosha shingo katikati ya viti, akalamba skrini. Redio ikawaka. Wiki mbili sijaweza! Taarifa ya habari, safi kabisa. Msomaji akasema ni saa sita kasoro robo.

Rodgers hakunilaumu. Alisimama tu ndani ya suti yake, macho yamejaa machozi, akimtazama Mwongeli kwenye dirisha la nyumba yao. Hapo niliona aibu. Aibu ya kweli.

Kitonga akarudi na wawili wamefungwa kamba. Akatazama gari, akamtazama kuku. Akaomba mahindi kiganja kimoja, akayamwaga chini ya bampa. Kuku akaja. Buti likafunguka. Rodgers akajitosa ndani na suti yake, akapanda juu ya viti, akamfungua beberu mkanda, akamtoa kwa miguu ya nyuma. Mbuzi watatu wakavuka lango, saa sita kasoro dakika mbili. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nililia kidogo, nikasema ni vumbi.

Mzee Nzioka akamkalisha Kitonga kando yake. Kisha akaniita mbele ya watu wote.

“Baba Rodgers, mbuzi tumewapokea,” akasema. “Gari rudi nalo.”

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani watu wote walikuwa na habari. Rodgers amenijia kwa heshima, akasema siku ya harusi atabebwa na pikapu ya mjomba wake. Kanini anasema nimuombe Kitonga msamaha. Nitamuomba, nikipata nafasi.

Nimekaa nikafikiri kwa makini, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa ni kumtegemea kuku wa wenyewe. Jana, kabla ya kuondoka Masii, nilimnunua yule kuku. Yuko kiti cha mbele, amefungwa mkanda, ametulia.

Desemba tunapeleka ng'ombe wa mahari. Leo jioni nimempima wetu kwa kamba. Akikunja shingo, anaingia.