Vita vya Karai la Kufulia katika Jumba la Sanaa la Kalangalala

Sogeeni, enyi wachimbaji wa Geita, nanyi wanunuzi wa dhahabu mtembeao na mizani mfukoni. Zimeni pikipiki, enyi bodaboda wa Kalangalala, kwa maana habari hii haistahili kupigiwa kelele. Nitasimulia vita vya karai moja, vilivyopiganwa mchana kweupe ndani ya jumba la sanaa lililokuwa zamani ghala la mpunga. Mwenye shaka juu ya ukubwa wa vita hivyo na akae nayo mpaka mwisho.

Katika jumba hilo alishukia Davis, msanii mkuu kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani ya duara na skafu shingoni katika joto hili letu. Aliagiza viroba ishirini vya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa na kutolewa dhahabu yake, akaumwaga katikati ya sakafu, akauzungushia kamba nyekundu, akaupa jina: Hakuna Kilichobaki. Kuumwaga kulimchukua nusu saa. Kuueleza kulimchukua saa mbili. Ardhi, alisema, imenyonywa hadi punje ya mwisho, na utupu huu ndio sisi. Wageni wa ufunguzi wakatikisa vichwa kwa uchungu mkubwa, juisi mkononi.

Ndipo alipopita Agnetha binti Ngusa, Mama Limi, mfagizi wa jumba, jemadari wa fagio na ndoo, aliyeosha mchanga wa dhahabu mwaloni, penye mabwawa ya kuoshea, miaka kumi na mmoja kabla mgongo haujamgomea. Akainama, akachukua chembe chache, akazisugua kati ya vidole.

"Huu bado una kitu," alisema, kwa sauti ya mtu aonjaye mboga akakuta chumvi haijakolea.

Meneja Sostenes, ambaye ushujaa wake wote huuwekea akiba walio chini yake, akatoa hukumu.

"Mama Limi, umemwaibisha mgeni wetu mbele za watu. Thibitisha sasa hivi, au vua aproni urudi kwenu Tinde ukalime."

Msidhani moyo wa shujaa haukutetemeka. Kazi ile ndiyo iliyomweka Limi shuleni, na mgongo ule usingeliweza tena jembe. Nami nikamwonea huruma.

"Baba Meneja, mimi sikusoma sanaa," alisema. "Lakini marudio nayajua. Sisi wa mwaloni hatuyatupi. Tunayaosha mara ya pili, na ya tatu, na mwenye subira huyaosha ya nne. Nipeni karai na maji."

"Mama, mchanga huu ni mtupu," Davis akanena, akiinua mkono kama mhubiri. "Utupu wake ndio kazi yenyewe."

"Basi hutapungukiwa kitu nikiuosha, mwanangu."

Akaivuka kamba nyekundu, mguu wa kuume ukitangulia. Karai la kufulia likaletwa kutoka stoo, maji yakamiminwa, naye akaanza kulizungusha, akimwaga tope kidogo kidogo, viwiko vikienda na kurudi, jasho likimtiririka. Karai la kwanza halikutoa kitu. La pili halikutoa kitu, na Meneja akaanza kuiangalia aproni. Katika la tatu ukabaki mstari mwembamba wa mchanga mweusi, na mwisho wa mstari, kitone cha njano, kidogo kuliko yai la chawa.

Wiliam, mnunuzi wa dhahabu aliyekuja kwa ajili ya sambusa, akatoa lenzi yake, akapiga magoti.

"Ni yenyewe," alisema.

Basi wapenzi wale wa sanaa, waliokuwa wakiulilia utupu, wakaikanyaga kamba wote kwa pamoja na kujaza mchanga katika mikoba. Davis, na nimsifu kwa hili, akachukua kalamu, akakata jina la kazi yake na kuandika: Kimebaki Kidogo.

Na iandikwe katika tarehe za nchi, wajukuu waisome, kwamba siku hiyo Agnetha binti Ngusa aliishinda sanaa ya kisasa kwa karai la kufulia. Meneja naye akapaza sauti mbele ya umati kumtukuza mshindi.

"Mama Limi, aproni baki nayo. Sakafu imelowa, piga deki."

Akapiga deki. Nami niliyekuwapo nasema sijapata kuona sakafu ikipigwa deki kwa fahari kiasi kile.