Idah na Pasi Mbili za Marekani

Sogeeni, watu wa Thika, nanyi jirani zetu wa Ruiru. Sufuria na ziungue kidogo mekoni, kwa maana habari hii haisimuliwi kwa kupita njia. Wapo waliosifiwa kwa kuvuka majangwa na kuangusha ngome. Sisi tunamsifu Idah binti Gachanja, Mwalimu wa Hesabu, Mshika Chaki Asiyetetereka, kwa sababu alinyoosha nguo.

Mwaka ule wa hamsini na nane, kwaya yetu ya Makongeni, hapa Thika, ilialikwa kuimba Ruiru katika ufunguzi wa kanisa jipya. Idah ndiye aliyewashawishi waimbaji waache kaki yao, washone majoho meupe. "Yatanyooka kama karatasi," aliahidi mbele ya kwaya nzima, na asubuhi ya safari ahadi hiyo ilimgeukia. Kwani pasi ya makaa, joka lile kuukuu, lilitema cheche juu ya joho la Tobias na kuacha tundu linalopitisha kidole. Majoho mengine yalilala juu ya meza ya ukumbi, yamekunjamana kama maganda ya maharagwe. Lori lingefika adhuhuri.

"Kwaya iliyokunjamana haitapanda lori," alisema Bedan, kiongozi wa kwaya, Bwana wa Kifimbo. "Tuvae kaki yetu, mwalimu, na siku nyingine tusidanganywe."

Zilibaki silaha mbili tu: pasi za umeme zilizotoka Marekani ndani ya kasha la wamisionari. Moja ilikabidhiwa Wakonyo, Jemadari wa Sauti ya Kwanza, na ya pili Wilkister, Ngome ya Sauti ya Pili, ili wasigombane. Wao walikuwa hawajasalimiana tangu Pasaka, walipogombea nani asimame mbele.

Wakonyo akainua plagi yake kuielekea soketi pekee ya ukumbi, kama shujaa anayeinua mkuki. Idah akainama kusoma chapa ya pasi: volti 120, ampea 5. Akatazama mita ukutani: volti 240.

"Hebu ngoja, dada Wakonyo."

"Ningoje nini? Makaa yamekushinda, sasa umeme pia unauogopa?"

"Mwache," Bedan akaamua. "Umeme wetu ni mara mbili ya ule wa Marekani, basi joto litakuwa mara mbili. Apige haraka mara mbili."

Kwaya ikaitikia kwa vichwa, na Idah mwenyewe, kwa kitambo kidogo, akaona ni kweli. Ndipo alipopiga goti sakafuni na kuchomoa chaki.

"Ewe kanuni ya umeme," alinong'ona, "uliyekaririwa chuoni kwa ajili ya mtihani tu, njoo leo ufanye kazi."

Akaigawanya 120 kwa 5: ukinzani wa pasi ni omu 24. Akaizidisha 120 kwa 5: nguvu yake ni wati 600. Kisha akaivamia ile 240, akaigawanya kwa 24, nayo ikatapika mkondo wa ampea 10. Akazidisha tena, na adui akajitokeza na jeshi lake lote: wati 2,400.

"Si mara mbili, Bwana Bedan. Ni mara nne. Volti zikizidi, mkondo nao unazidi, halafu vinazidishana."

"Mara nne," alisema Tobias, akichungulia kwenye tundu la joho lake. "Kumbe mimi niliponea."

"Basi ni kaki," akasema Bedan.

Idah hakuinuka. Alizitazama pasi zile mbili, pacha wa tumbo moja: 24 na 24.

"Tobias, unaweza kuziunga zifuatane, umeme upite kwa hii, ndipo uingie kwa ile?"

Tobias alikuwa msaidizi wa fundi umeme kiwandani. "Kuunga naweza. Zisipowaka, usinitaje."

"Zikifuatana ni omu 48. Mia mbili na arobaini kugawa kwa 48 ni ampea 5. Kila moja itapata volti zake 120 na kudhani iko kwao Marekani."

Nyaya zikakatwa, zikaungwa, plagi ikaingia. Pasi zote mbili zikapata moto, taratibu na kwa adabu. Lakini Wilkister alipoona amepangwa ubavuni mwa hasimu wake, akachomoa waya kisogoni mwa pasi yake na kukunja mikono.

"Mimi nitapiga yangu huyo akimaliza."

Wakonyo alisukuma pasi kwenye mkono wa joho, mara mbili, mara tatu. Ilikuwa inapoa.

"Wilkister. Rudisha waya."

"Alaa. Kumbe jina langu unalijua?"

"Ninalijua. Umeme ukikatika kwako, kwangu hauna njia. Rudisha, mama, lori linakuja."

Wilkister akarudisha. Wakapiga pasi bega kwa bega, na hakuna aliyeweza kuzima yake bila ruhusa ya mwenzake.

"Umeruka kola."

"Ya nani?"

"Ya Bwana Bedan."

"Hiyo niliiruka makusudi," akasema Wakonyo, na wote wawili wakacheka.

Adhuhuri lori likanguruma mlangoni. Bedan, akiwa ndani ya joho jeupe, alikataza mtu yeyote kuketi, hivyo jeshi lile likasafiri wima kutoka Thika hadi Ruiru, likishikilia mbao za lori. Waliimba. Hakuna mgeni aliyesema neno juu ya majoho, na Idah hakuhitaji zaidi.

Wengine na waandike habari za magavana. Sisi tunaandika, vizazi visome, kwamba siku ile kati ya mto Chania na mto Ruiru mwanamke aliigawanya mia mbili na arobaini kwa arobaini na nane, ikatoka tano kamili, bila baki.