Nanteni ya Sadae Haina Matunda Mwaka Huu

Jumanne, 20 Desemba

Sadae amepiga simu! Tangu ahamie kwa dada yake kule Imabari mwezi wa tisa, leo ndiyo mara ya kwanza amenipigia yeye. Anakuja tarehe thelathini na moja. Hakuuliza kifua changu. Hakuuliza ninakula nini. Aliuliza nanteni yake imezaaje mwaka huu, ile ya pembeni mwa mlango, kichaka cha heri ya mwaka mpya, aliyoipanda kwa mikono yake wiki tuliyohamia nyumba hii.

Nikamwambia inawaka kama moto. Matawi yameinama kwa vitunda vyekundu.

Haina hata kimoja. Mwezi wa sita niliikata vichwa, maua na kila kitu, maana ilinizibia dirisha nisione nani anapita barabarani. Nani angejua kwamba vitunda vinatokana na maua? Sadae aliniambia siku anaipanda, ni kweli, lakini siku ile alikuwa anasema mambo mengi. Aliporudi kutoka sokoni nikamwambia ni upepo, umepunguza majani tu.

Alipoondoka alisema haondoki kwa ajili ya kichaka. Anaondoka kwa ajili ya yote ambayo kichaka kingesema kama kingekuwa na mdomo. Sijamwelewa mpaka leo. Lakini akikuta mlango mwekundu kwa vitunda atavua viatu aingie, na akishavua viatu atabaki. Namjua.

Nanteni itazaa. Nitaizalisha mimi.

Jumatano, 21 Desemba

Jirani yangu, Mama Kajitani, mjane, ana nanteni iliyozaa mpaka aibu. Ameifunika kwa wavu kwa sababu ya ndege. Sikutaka kumwomba. Mtu niliyekuwa msaidizi wa meneja kwa miaka yote ile siombi vijiti. Nikajitolea kumsafishia mifereji ya paa, halafu, kama kwa bahati tu, nikataja kwamba matawi machache ya kupunguzia nisingeyakataa.

Alinijibu nikiwa bado juu ya ngazi.

"Mzee Hirasuna, mwezi wa sita nilikuona na mkasi. Nikakupigia kelele uache. Ukaniambia niangalie sufuria yangu isiungue."

Sikumbuki. Huenda ni kweli.

Nimelowa mpaka kwenye fulana. Malipo yangu: tunda moja la persimoni lililokaushwa. Gumu.

Alhamisi, 22 Desemba

Akili! Shanga nyekundu za mbao, kutoka duka la vitu vya kushona karibu na stesheni. Muuzaji akauliza kama ni za mjukuu. Nikasema ndiyo. Hatuna mjukuu, hatukujaliwa hata mtoto, lakini ningemweleza nini yule binti?

Nimeshinda kutwa nikizitunga kwa waya na kuzifunga kwenye matawi. Vidole vimetoboka. Lakini kutoka barabarani, uzuri ulioje! Mleta barua alisimamisha pikipiki akasema nyumba hii mwaka mpya utaiingia kwa heshima. Nilimwinamia kwa unyenyekevu mkubwa.

Ijumaa, 23 Desemba

Mvua.

Rangi imetoka. Yote. Imetiririka kwenye ukuta mweupe na kwenye ngazi ya mlango, utadhani pamechinjwa mtu.

Askari wa kituo cha pale kona alishuka kwenye baiskeli akauliza kwa adabu kama nyumbani wote ni wazima. Nikamjibu wote ni mimi peke yangu. Mke je? Nikasema mke hayupo. Akaangalia ukuta. Akaniangalia mimi. Akauliza lini nilimwona mara ya mwisho.

Nilikunywa maji kabla ya kujibu. Inaelekea hilo nalo aliliandika.

Jioni Sadae akapiga simu, kwa sauti ya chini sana. Kwa nini askari wa huku kwetu Takehara amempigia kumuuliza kama yu hai? Nikamwambia mwisho wa mwaka wanahakiki wakazi wote. Halafu akauliza tena kuhusu nanteni, kama naweza kumweleza vizuri ilivyo. Nikamwambia maneno hayatoshi.

Jumapili, 25 Desemba

Kwa muuza miche, nanteni nyekundu zimekwisha. Imebaki nanteni yenye vitunda vyeupe. Kijana akasema nyeupe inafaa kwa koo. Nikamwambia koo langu halina neno, mlango wangu ndio mgonjwa.

Narudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nakutana na Mama Kajitani na begi. Anakwenda kwa bintiye Fukuyama, atarudi Alhamisi. Akaniomba nimwangalizie nyumba.

Nimeiangalia. Niliiangalia kwa muda mrefu kabla ya kuchukua mkasi.

Ni matawi machache tu! Ya upande wa nyuma! Niliinua wavu, nikakata, nikayafunga kwenye nanteni ya Sadae kwa uzi wa kijani. Hata mimi niliyeyafunga nikisimama getini nadanganyika. Roho ilinisuta kidogo, nikanywa chai, ikaacha.

Jumanne, 27 Desemba

Sikuurudisha wavu.

Shorewanda wa milimani wamefika asubuhi, wale ndege wa kijivu wenye kelele. Waliingia kwa Mama Kajitani kwa ule upande niliouacha wazi, wakala mpaka kitunda cha mwisho. Walipomaliza wakahamia kwangu. Nilitoka na ufagio, na viatu visivyo jozi moja. Mmoja alinitazama usoni huku anameza.

Hakuna kitu. Kwake hakuna, kwangu hakuna. Mtaa mzima ni kijani na kijivu, kama hospitali.

Alhamisi, 29 Desemba

Mama Kajitani amerudi. Nilimwona kupitia lile dirisha nililolizibua mwenyewe. Alisimama mbele ya nanteni yake, begi bado mkononi. Kila mwaka mpya huweka tawi moja mbele ya picha ya marehemu mumewe. Nilikuwa nalijua hilo. Sikulifikiria.

Nikatoka nikamwambia ni ndege, Mama, tumevamiwa sote wawili.

Akagusa mahali tawi lilipokuwa, pamekatwa mshazari, safi.

"Ndege wa siku hizi wana mkasi."

Basi. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu ndio umenikosesha hamu ya chakula.

Jumamosi, 31 Desemba

Nilifua mapazia. Nilinunua tambi za kufungia mwaka za watu wawili, na kamba wa kukaanga, anaowapenda.

Sadae alikuja na shemeji Ochi, mume wa dada yake, kwa kigari chake cha mizigo. Nyuma kulikuwa na sepetu na magunia.

Aliitazama nanteni tupu. Hakushtuka. Alivaa lile koti la bluu, na amekata nywele. Zimempendeza. Sikumwambia.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Shorewanda," nikasema. "Juzijuzi tu. Ungeiona kabla!"

"Yoshiharu, Mama Kajitani alinionyesha maua yamelala chini, siku ile ile ya mwezi wa sita. Nilijua. Kwenye simu nimekuuliza mara mbili. Sasa hivi nimekuuliza tena. Ungesema tu, niliikata, nisamehe, ningeingia ndani tukala."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilipaona kabisa. Nikafungua mdomo.

"Lakini shorewanda walikuja kweli," nikasema. Na ni kweli!

Akachukua sepetu.

Alichimba mwenyewe, polepole, akizungukia mizizi. Shemeji alikuwa anatazama angani. Mimi nilishika mlango wa gari. Walipoipakia, imefungwa magunia kama mgonjwa, Sadae akaenda kwa Mama Kajitani, akakaa huko, akarudi macho mekundu. Pale mlangoni kwake nilimsikia anamwahidi tawi, nanteni ikishika huko Imabari na kuzaa tena.

Mimi aliniambia nikikate kitumbua cha mchele cha mwaka mpya, kile kinachonata, vipande vidogo kabla ya kula. Kila Januari wazee wa umri wangu wanakabwa nacho.

Sikula. Tambi zimevimba kwenye supu.

Jumatatu, 2 Januari

Theluji. Nilitoka kuchukua gazeti, nikalisahau shimo. Nikaingia mzima mzima. Nimekaa mle chini kitambo, theluji inaniangukia kichwani, nikifikiria maisha yangu yote.

Halafu nikapata wazo.

Sijaumia. Hata mchubuko hakuna. Lakini Imabari nani anajua? Mtu aliyevunjika mguu, peke yake, kwenye shimo ambalo mkewe mwenyewe ndiye aliyelichimba! Sadae hana moyo wa jiwe. Atakuja na basi la kwanza. Nimechana shuka nikajifunga bandeji mpaka gotini, na nimefanya mazoezi ya kuchechemea uani.

Mama Kajitani alikuwa anafagia theluji. Alinitazama nikienda nachechemea, akanitazama nikirudi nachechemea upande wa pili. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Alhamisi:

"Mzee Hirasuna, ni mguu upi?"

Swali zuri. Lazima niamue kabla ya kupiga simu. Nadhani wa kushoto.